Mtani wa Lango la Sita

Waliponipigia simu kuniambia Gaspari amefariki, hawakuniuliza kama nitakwenda kuzika. Waliniuliza kama nitafika kabla kaburi halijaisha kuchimbwa. Mimi ni Myao wa Tunduru, yeye alikuwa Mngoni wa Maposeni, makabila yetu ni watani tangu zamani, na msiba usio na mtani ni kama mboga isiyo na chumvi: watu watakula, lakini watalalamika. Kazi ya mtani msibani kila mtu kwetu anaijua. Anaficha sepetu la wachimbaji mpaka wambembeleze, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anamsema yote ambayo ndugu hawathubutu kumsema, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. "Hamsini," aliniambia mdogo wake kwenye simu, "sasa usipokuja wewe tutamzikaje?" Nikasema inna lillahi, nikasema nakuja. Sikumwambia kwamba kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nangoja kaka yake aniombe radhi, na kwamba kilichoniuma niliposikia amekufa ni kuwa sasa hataniomba tena.

Jina la Hamsini alinipa Gaspari, na nitaeleza alivyonipa. Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nimetoka Tunduru kuja Songea kutafuta kibarua, na kibarua nilichopata kilikuwa cha kumbebea vyombo mzungu mmoja aliyekuwa akipima mito kwa ajili ya mradi wa umeme. Tulimwita Bwana Yanesi. Alitoka nchi moja ndogo ya milima huko Ulaya, mtu mrefu, mkimya, pua imebabuka kwa jua. Wabebaji tulikuwa wawili, mimi na Gaspari. Siku za kazi tulisimika nguzo za kupimia kina cha Ruvuma, kuanzia kule unakoteremka kutoka Matogoro, ungali mwembamba wa kurukwa na mbuzi, mpaka chini ya Maposeni ambako unapata mwili na kuanza kugombana na mawe. Jumamosi alishusha kwenye gari lake mitumbwi miwili midogo ya plastiki, anaiita kayaki, akaingia kwenye mmoja na kasia lake la pande mbili, akateremka penye povu kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Kwao, alitueleza, huu ni mchezo wa mashindano, na yeye ujanani aliuchezea taifa lake. Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini, hasa tulipoona kwamba mchezaji anavaa sketi. Ni sketi kweli, ya mpira, unaivaa kiunoni na kuivuta ifunike tundu la mtumbwi ili maji yasiingie. Wiki iliyofuata tulikuwa tumeivaa sisi.

Tuliishi kwa mama yake Gaspari, pale pale Maposeni, maana kutoka hapo hadi kwenye maporomoko ni mwendo mfupi wa baiskeli. Chumba chetu kilikuwa nusu ya ghala la mahindi. Magunia yalipangwa mpaka karibu na bati, vitanda vyetu viwili vya kamba vikajibana kwenye nafasi iliyobaki, na mitumbwi tuliining'iniza juu ya vichwa vyetu kwa kamba za katani. Kila kitu kilinuka mahindi na dawa ya dumuzi. Kuta hazikufika kwenye paa, kama zilivyo nyumba nyingi za huko, kwa hiyo ulisikia kila neno la jikoni, na wa jikoni walisikia kila neno lako. Mama Gaspari alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, na nyumba yake ilipenda nyama ya nguruwe. Siku niliyohamia alinunua sufuria mpya, akaitundika peke yake kwenye msumari, akawaambia watu wa nyumbani, "Hii ni ya Hashimu. Atakayeitia nguruwe atanitambua." Nikala kutoka sufuria ile mwaka mzima, maharage, dagaa wa Nyasa, likolo la majani ya maboga lililoungwa kwa karanga. Nimekula kwenye nyumba nyingi tangu hapo, za ndugu na za wakwe, na sijaona aliyekiheshimu chakula changu kama yule mama. Ndiyo sababu siwezi kuisimulia habari hii bila kumtaja, na ndiyo sababu kumtaja kunaniuma.

Utani ulianza asubuhi na ulikwisha tukilala. "Mama, unamnenepesha huyu Myao bure," Gaspari alikuwa akisema, mdomo umejaa ugali. "Akishiba atatufunga kamba, atupeleke pwani kutuuza kama babu zake." Nami nikamjibu kwamba babu zao wanajisifu kwa vita, lakini walikimbia tangu kwa Wazulu bila kupumzika, na wangelikuwa na viatu wangefika Misri. Mama alicheka akashika mbavu. Bwana Yanesi, aliyekuja kula nasi mara nyingi, alicheka baadaye kidogo, tukishamfafanulia. Mara moja alituuliza kama hatugombani kwa maneno kama yale. Gaspari akamwambia, "Mtani hakasirikiwi, Bwana. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa." Alisema kweli. Nimeishi miaka yote hii chini ya sheria hiyo, na hakuna siku niliyoipenda tangu mwaka ule ulipokwisha.

Mchezo wenyewe ni wa malango. Tuliyatengeneza wenyewe: tulivuta waya kutoka mti mmoja mpaka mwingine juu ya mto, tukaning'iniza mianzi miwili miwili, tukaipaka rangi. Lango la kijani unalipita ukiteremka na maji. Lango jekundu unalipita kwa kupanda. Unashuka, unajitupa nyuma ya jiwe penye maji yaliyotulia, unageuza pua ya mtumbwi, halafu unapanda dhidi ya maji katikati ya ile mianzi. Ukigusa mwanzi unaongezewa sekunde mbili. Usipopita, au kichwa chako kikipita nje ya mwanzi, unaongezewa sekunde hamsini, na hapo hata ungekuwa na mbawa umeshindwa. Gaspari alikuwa na nguvu, mimi nilikuwa na wepesi. Yeye alipigana na mto, mimi nilijifunza kuusubiri mahali unapopumua. Siku moja niligeuka juu chini penye jiwe, kasia likanasa, nikabaki kichwa chini nikinywa maji. Gaspari aliruka na nguo zake zote, akanivuta kwa ukosi wa jaketi mpaka ukingoni. Nilipomaliza kutapika, akaniita bwana mkubwa kwa Kiyao, "Ambuje, Ruvuma siyo chai." Nilimpenda mtu yule. Nasema hivyo wazi kwa sababu anayesikia habari hii atadhani nilimchukia tangu mwanzo. Ningelikuwa namchukia, ningelimchunga.

Mvua zilipokatika na mto kusafika, Bwana Yanesi alituita tukakae naye kwenye jiwe, akatuambia kwamba kazi yake imekwisha na anarudi kwao. Klabu yake ya zamani ilikuwa tayari kumpokea kijana mmoja, kumfundisha, kisha aingie kwenye mashindano makubwa akiwa na bendera ya Tanzania kifuani. Mmoja tu. Alilirudia neno hilo akitazama maji. Tungeshindana Jumapili baada ya misa, kila mtu mteremko mmoja, na mwenye muda mzuri ndiye angeondoka naye. Yeye mwenyewe angekaa chini kabisa na saa yake. Malango ya juu aliweza kuyaona kutoka pale, lakini lango la sita lilikuwa kwenye kona, nyuma ya jiwe kubwa, halionekani. Hapo tungesimama sisi kwa zamu, kila mmoja hakimu wa mwenzake, na vipande vitatu vya boksi vilivyoandikwa sifuri, mbili na hamsini. Hakuna aliyeona ubaya. Tulikuwa tukihukumiana hivyo mwaka mzima mazoezini.

Jumamosi jioni Mama alikamata kuku, akamwita jirani yetu Mwislamu aje amchinje, ili nami nile. Tulikaa jikoni wote, Bwana Yanesi kwenye kigoda kilichokuwa kifupi kwa miguu yake. Gaspari alinyonya mfupa, akaunyoosha kwangu. "Ambuje, kesho mimi ndiye hakimu wa lango la sita. Hata ukipita katikati kama padri anavyoingia kanisani, nitasema hukupita. Mimi Ulaya, wewe Tunduru ukapalilie mikorosho." Nikamwambia, "Na mimi nikikuona umepita nitasema umezama, tukuanzie matanga usiku huu huu." Mama akacheka. Bwana Yanesi akacheka kwa kuchelewa. Nimeirudia jioni ile kichwani mwangu kuliko jambo lolote la maisha yangu, na kila mara najiona nacheka. Watu wa kwingine, mtu akikwambia kesho nitakuibia, unafunga mlango. Sisi tumelelewa kujua kwamba mtani akisema hivyo unacheka na kumpa kinofu kingine. Nakumbuka kwamba kinofu nilimpa kweli, paja, kutoka sahani yangu.

Gaspari alianza. Nilisimama juu ya jiwe nikamwona anaingia lango la sita kwa nguvu zake zote, mabega yamejaa, akapita safi, nikanyanyua sifuri bila kuwaza. Kisha tukabadilishana, nikapanda juu na mtumbwi begani. Siwezi kueleza mteremko ule isipokuwa kwa kusema kwamba mto siku hiyo ulinikubali. Malango ya kijani yalikuja moja baada ya jingine kana kwamba yananifuata yenyewe. Kwenye kona nilijitupa nyuma ya jiwe, nikageuka, nikapanda. Mwanzi wa kulia ulipita karibu na sikio langu bila kunigusa, wa kushoto ulikuwa mbali, na kichwa changu kilikuwa katikati kama kinavyokuwa katikati ya mlango wa nyumba yako. Gaspari alikuwa juu ya jiwe, peku, karibu nami kiasi kwamba tungeweza kupeana mikono. Alinitazama usoni. Nikateremka yaliyobaki, nikafika chini nimeishiwa pumzi, na Bwana Yanesi, mtu asiyecheka hovyo, alinigeuzia saa yake nione. Nilikuwa nimemwacha Gaspari mbali.

Alikuja taratibu kwa njia ya ukingoni, kipande cha boksi mkononi. Hamsini. Nilicheka, Mwenyezi Mungu ni shahidi yangu, nilicheka kwa sauti, kwa sababu nilidhani ni utani wa jana unaendelea, na kwamba kwa kweli ameucheza vizuri. Nilingoja acheke. Watu wa Maposeni waliokuja kutazama baada ya misa walikuwa wanacheka nao. Bwana Yanesi akamuuliza, "Una uhakika?" Gaspari akasema, "Kichwa kilipita nje, Bwana. Nina uhakika." Hakucheka. Nilimtazama mdomo nikingoja, nao ukabaki vile vile, nami nimesimama mbele ya watu bado nimevaa ile sketi.

Nilisema kila nilichoweza kusema. Nilisema jana jioni alitangaza mbele yetu wote kwamba atasema uongo, na kila nilipolisema hilo watu walizidi kucheka. "Hashimu, leo unakasirikia utani?" mzee mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa. Niliomba niteremke tena. Bwana Yanesi akasema kwamba dunia nzima neno la hakimu wa lango ndilo neno, na kwamba yeye hakuona. Alikuwa mtu wa sheria. Simlaumu sana, mzungu asingeweza kujua tofauti kati ya Gaspari anayetania na Gaspari asiyetania. Mimi niliyeishi naye chumba kimoja sikuijua.

Jioni ile sikwenda jikoni. Nililala chini ya mitumbwi nikisikia sahani. Walikula muda mrefu bila kuongea, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye nyumba ile. Halafu nikamsikia Mama. "Alipita au hakupita?" Gaspari akasema, "Mama, ugali unapoa." Akamwambia, "Nimekuuliza kitu, Gaspari." Kisha sauti ya Gaspari, ndogo, sijawahi kuisikia ikiwa ndogo vile: "Ulitaka niende, au ulitaka nibaki?" Nilijiinua kitandani. Nilijua kwamba sasa Mama atasimama, atatoka kwenda kwa Bwana Yanesi, kwa sababu mwanamke aliyelinda sufuria yangu mwaka mzima hawezi kuliacha hili lipite. Nilisikia bakuli linavutwa. "Mpelekee mwenzako chakula," alisema. Gaspari ndiye aliyeniletea. Aliweka sahani kwenye ncha ya kitanda, akasema, "Kula, mtani," akatoka. Asubuhi Mama alinifungia karanga za njiani kwenye kitambaa, akasema safari njema mwanangu, macho yake yakiwa kwenye fundo la kitambaa. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Niliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini niliielewa ndani ya basi la Tunduru.

Gaspari alikwenda. Mwanzoni alishika nafasi za mwisho, baadaye za katikati, na mwaka mmoja alifika nusu fainali kwenye mashindano makubwa, picha yake ikatoka gazetini, amevaa helmeti, amekunja uso, mwanzi unapita pembeni ya shavu lake. Sikatai, alikuwa mchezaji. Aliufanya mto wetu ujulikane, na bega lilipomharibikia alirudi kufundisha vijana wa Maposeni bila kuringa. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba alichoniibia alikitumia vizuri. Siku moja nilikuwa stoo yangu Tunduru napima korosho za watu, redio inaongea, nikasikia sauti yake. Mtangazaji alimuuliza alivyoanza. "Tulikuwa wawili," akasema, "mimi na mtani wangu Hashimu, Myao wa Tunduru. Alikuwa na kasi kuliko mimi, nasema kweli. Lakini lango la sita lilimshinda. Alipata hamsini." Mtangazaji akacheka. Wakulima kwenye foleni wakageuka kunitazama. Tangu siku hiyo mimi ni Hamsini, mke wangu ni mama Hamsini, na wanangu walikwenda shule wakiitwa watoto wa Hamsini. Nilikutana naye mara moja tu, stendi ya Songea. Alinikumbatia mbele ya watu wote, "Mtani! Hamsini wangu!" na kabla sijafungua mdomo watu walikuwa wameshaanza kucheka. Nikatabasamu. Ungefanyaje?

Kwa hiyo nilipofika msibani nilijua ninachotaka. Ndani ya basi nilikuwa nimejiambia kwamba utani ulionifunga mdomo ndio utakaonifungua, maana siku hiyo moja hakuna mwenye haki ya kuninyamazisha. Mama Gaspari alikuwa kwenye mkeka, amekuwa mdogo kama binti, kitenge kimemzunguka mara mbili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umefika. Sasa ndio msiba." Nilificha sepetu, nikabembelezwa, nikalirudisha. Nikaomba nguo za marehemu. Wakaniletea fulana ya taifa, na nilipoomba ile sketi ya mpira uwanja mzima ulipiga makofi. Nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, mchi wake ndio kasia, vijana wawili wakashika mabua ya mahindi kuwa lango. Nikashuka kwanza, nikamwiga anavyotembea, bega moja juu. Wakacheka. Kisha nikasimama juu ya kinu.

"Mimi ni Gaspari," nikasema. "Niko juu ya jiwe, lango la sita. Mtani wangu yule anakuja. Huyo, amepita! Katikati kabisa, kichwa na kiwiliwili, namwona kwa macho yangu mawili. Sasa nafanyaje? Nikisema amepita, yeye Ulaya, mimi shambani. Basi hukupita, ambuje! Hamsini!" Nikanyanyua kiganja. Waliangua kicheko ambacho sijawahi kukipata popote. Katekista alivua miwani akafuta macho. Mdogo wake Gaspari aliegemea ukuta hoi. Nikangoja watulie, nikashuka kwenye kinu, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, ya kawaida, "Jamani, hii siyo mchezo. Nilipita. Aliniibia, na nimeitwa Hamsini maisha yangu yote kwa uongo." Ndipo walipocheka hasa, maana mtani asiyecheka ndiye mtani bora. "Huyu Myao ni hatari," mmoja alisema, "tazama uso wake."

Nikamtazama Mama. Mbali na mimi, alikuwa mtu pekee aliye hai aliyejua, na alikuwa mtu pekee asiyecheka. Wanawake waliomzunguka wakaona anataka kusema, wakanyamazishana, na kimya kikaenea mpaka kwa wachimba kaburi. Nilitaka neno moja tu, alipita, hata kwa kunong'ona, ningelibeba nikarudi nalo kwa wanangu. Alifuta macho kwa pindo la kitenge, na safari hii alinitazama bila kukwepa.

"Mwanangu," akasema, "hebu rudia ile ya lango. Shangazi zake wametoka Mbinga sasa hivi, hawajaiona."

Watu wakapiga makofi. Walimtengea shangazi wa kwanza nafasi mbele kwenye mkeka, wa pili akasaidiwa kukaa, vijana wakanyoosha mabua yao. Nikapanda tena juu ya kinu na fulana ya Gaspari mwilini, nikajitazama nikija, nikajiona napita katikati kabisa, na nikajinyanyulia hamsini.